UZI: Mwanafunzi wa sekondari unayetafuta msimamizi wa utafiti wa sayansi, pita hapa kabla hujatuma barua pepe

#1 Daktari wa Wadudu

Wakuu, habari za muda huu.

Kila wiki mbili tatu naletewa barua pepe ya aina moja: "Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, napenda sana sayansi, naomba uwe msimamizi wangu wa utafiti." Imeisha. Sayansi ipi, amejaribu nini, anataka kujua nini, hamna. Zamani nilizijibu zote. Siku hizi nyingine zinalala humohumo, na najua kuna vijana wananihesabu kuwa na maringo. Nimeona bora nifungue uzi niseme mambo yalivyo upande wetu, kwa sababu kuna barua moja niliijibu kabla sijakaa vizuri kwenye kiti.

Ilikuwa na mistari mitano. Kijana alisema amekuwa akipima mwendo wa sisimizi wanaopita kwenye ukuta wa nyumba yao, kwa rula ya sentimita 30 na saa ya kwenye simu, asubuhi na mchana, siku 9. Alitegemea joto likipanda na wao waongeze mwendo. Ikawa hivyo, isipokuwa siku ya nne: kipimajoto kilisoma nyuzi 24, sisimizi wakakimbia kama siku ya nyuzi 32. Mstari wa mwisho: "Nimekosea wapi?" Akaambatanisha picha ya ukurasa wa daftari, wenye tarakimu zilizokatwa kwa mstari mmoja na kuandikwa upya pembeni.

Hakuniomba usimamizi hata kidogo. Aliniuliza jambo ambalo na mimi nilitaka kulijua.

Jumamosi nikapita kwao, mama yake akiwepo. Kipimajoto kilikuwa kimening'inizwa kwenye msumari, usawa wa kifua, kivulini. Sisimizi wenyewe walikuwa wanapita kwenye saruji iliyopigwa jua tangu asubuhi. Nikamwambia weka kiganja ukutani. Akaweka, akakitoa upesi, akanitazama. Tukakigusisha kipimajoto na saruji, tukakikinga jua kwa kipande cha boksi, tukasubiri. Hewani 25, ukutani 33. Ile siku ya nne jua lilikuwa kali bila wingu, nyingine zote zilikuwa na mawingu, na yeye aliandika hali ya hewa pembeni ya kila siku bila kujua ataihitaji. Kwa siku tisa alikuwa anapima joto linalomgusa yeye. Linalowagusa sisimizi hakuna aliyelipima.

Sikumfundisha fizikia siku hiyo. Nilimwambia tu aweke kiganja.

Jambo la pili lilichukua muda zaidi. Yeye ndiye aliyesoma kipimajoto, na yeye huyohuyo ndiye aliyebonyeza saa. Ukishajua kwamba leo kuna joto, kidole kinakuwa na haraka. Si wizi, ni mwili tu. Nikamshauri awarekodi video kwa simu, kila kipande akipe namba bila kutaja joto, halafu dada yake ndiye asome muda kwenye video. Walirudia kazi yote kuanzia mwanzo. Mstari kwenye grafu ulibaki unapanda, ila mwinuko ukapungua. Kijana alinuna wiki nzima. Alipomaliza kununa alikuwa na matokeo ambayo naweza kuyatetea mbele ya mtu yeyote.

Baadaye kabisa ndipo nikamwambia kuhusu Harlow Shapley. Huyu ni mwanaastronomia wa Marekani, mmoja wa waliotuonyesha kwamba Jua letu haliko katikati ya kundi letu la nyota. Alipokuwa kwenye kituo cha Mount Wilson, California, usiku alitazama nyota na mchana akapima mwendo wa sisimizi dhidi ya joto, na mwaka 1920 akachapisha kazi hiyo kwenye jarida la sayansi. Nilimficha makusudi. Ningemwambia siku ya kwanza angeona jambo limeshafanywa, akafunga daftari.

Kwa hiyo ninachosema ni hiki: msimamizi usimwendee mikono mitupu ukiomba akupe swali. Mwendee na kitu ulichokipima kwa mikono yako, hata kama kimekataa. Hasa kama kimekataa. Barua tupu inanipa kazi mbili, kutafuta swali na kumtafuta mtu wa kulifanyia kazi. Ya sisimizi ilikuja na vyote viwili.

Maswali karibuni.

#2 Msomaji Kimya

Nimeweka kambi hapa. Shusha nondo mkuu.

#3 Mbishi Mstaafu

Daktari, umeandika vizuri lakini hebu tuambizane ukweli. Tafiti za sekondari ni maonyesho. Kwenye mashindano makubwa wanaoshinda ni wale ambao mzazi au jirani ana maabara. Mtoto wa kawaida anasimama pembeni ya bango lake la kadibodi na volkano ya siki. Halafu hiyo habari ya barua nzuri... kuna yule kijana wa Marekani, Jack Andraka, alituma barua 200 kwa watafiti, 199 wakamkatalia, mmoja akamkubalia. Kwa hiyo tuma nyingi tu, bahati itakuangukia. Ni hesabu.

#4 Daktari wa Wadudu

Mbishi, la wazazi wenye maabara sikukatalii. Lipo, na majaji wazuri wanaliona: wanamuuliza mtoto kwa nini alichagua mchanganyiko huu na si ule, na kama kazi si yake anakwama kwenye swali la pili.

Lakini kisa cha Andraka umekikata kichwa. Mwenyewe amesimulia kwamba zile barua zilibeba utaratibu mzima wa jaribio, orodha ya vifaa, ratiba na bajeti. Hiyo si "naomba uwe msimamizi wangu" mara 200. Na pamoja na hayo yote aliambulia mmoja! Sasa piga hesabu aliyetuma mistari miwili ataambulia nini.

#5 Mwalimu Chaki

Naomba niingie hapo hapo kwa Mbishi. Mimi nafundisha fizikia, na kila mwaka kidato kipya nawasimulia habari ya Erasto Mpemba.

Mwaka 1963, Mpemba akiwa kidato cha tatu shule ya sekondari Magamba, Tanganyika, walikuwa wanatengeneza aiskrimu. Unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye friza. Nafasi kwenye friza zilikuwa za kugombania. Akaona mwenzake anawahi nafasi kwa kuweka maziwa ambayo hayakuchemshwa, naye akatumbukiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi ya kwake yameganda, ya mwenzake bado. Akamuuliza mwalimu. Akaambiwa amechanganyikiwa. Aliposhikilia swali lake baadaye, mwalimu wa sekondari ya juu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likaligeuza utani.

Halafu akaja Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi wa sekondari ya Mkwawa, Iringa, ambako Mpemba alikuwa anasoma wakati huo. Mpemba akasimama: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, maji kiasi kilekile, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaweka kwenye friza, cha nyuzi 100 kinatangulia kuganda, kwa nini? Wenzake wakacheka. Osborne alikiri baadaye kwamba hakuamini, lakini aliporudi chuoni alimwambia fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta ripoti: kweli, ya moto yametangulia, lakini tutaendelea kurudia jaribio mpaka tupate jibu sahihi!

Mwaka 1969 makala ikatoka kwenye jarida la Physics Education, jina la Mpemba likiwa mbele, la Osborne likifuata. Mpemba ameandika sehemu yake kwa maneno yake, Osborne yake.

Mbishi, angalia alichokifanya Osborne. Hakumpa Mpemba swali, wala hakumnyang'anya. Alilipeleka kwenye friza.

#6 Mbishi Mstaafu

Mwalimu kisa kitamu, lakini si walishasema jambo lenyewe si kweli? Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walirudia wakasema hawaoni ushahidi wa kuridhisha.

#7 Mwalimu Chaki

Ndiyo, na walionyesha pia kwamba ukihamisha kipimajoto kwa sentimita moja tu juu au chini kwenye chombo unaweza kujipatia "athari ya Mpemba" ambayo haipo. Unaona? Tumerudi kwenye kipimajoto cha ukutani cha Daktari. Halafu mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer wakachapisha kwenye jarida la Nature jaribio la chembe ndogo ndani ya maji, inayosukumwa kwa mwanga wa leza, wakaonyesha kwamba kwa mfumo wa namna hiyo chenye joto kweli kinaweza kutangulia kupoa. Swali la mtoto wa kidato cha tatu limewashughulisha watu miaka zaidi ya hamsini. Wewe unataka nini tena?

#8 Mama Wawili

Samahanini wataalamu, mimi ni mzazi tu. Binti yangu yuko kidato cha nne. Kuna kampuni ya mtandaoni ilimpigia debe programu: unalipa, unapewa msimamizi mwenye shahada ya uzamivu, na baada ya wiki chache makala ya utafiti inatoka ikiwa na jina lake. Tulilipa, nasema kwa uchungu. Mada alipewa. Data alipewa. Rasimu aliyoletewa ilikuwa na maneno ambayo mwenyewe hawezi kuyaeleza. Nilipomuuliza "mmegundua nini?" akaanza kulia. Sasa sijui tuendelee au tuache, maana jina lake limeshaandikwa juu.

#9 Daktari wa Wadudu

Mama, pole sana. Na mpe pole binti, kosa si lake. Kule kulia kwake ni dalili njema, kuna watu wazima wanatia jina kwenye kazi wasiyoijua na wanalala usingizi.

Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ina masharti manne ya mtu kuitwa mwandishi: awe amechangia kwa kweli kubuni kazi au kupata na kuchambua data; awe ameiandika au kuihakiki kwa uzito; awe ameidhinisha toleo la mwisho; na akubali kuwajibika kwa kilichomo. Yote manne kwa pamoja. Ningekuwa mimi ningemwambia aombe jina litolewe, au adai mafaili yote ya data na akae nayo mpaka aweze kuchora kila grafu upya mwenyewe. La pili ni gumu lakini huenda likaokoa hela yenu.

Kulipa peke yake si dhambi, ila jueni kwamba nzuri za bure zipo. RSI, programu ya utafiti kwa wanafunzi wa sekondari iliyoanzishwa 1984 na inayofanyika chuo kikuu cha MIT nchini Marekani, haitozi ada kwa wanaochaguliwa. PRIMES, ya hukohuko MIT, inawasimamia wanafunzi wa sekondari kwenye utafiti wa hisabati, bure. Ushindani wake ni mkali, sidanganyi. Na kwa kuchapisha, kuna Journal of Emerging Investigators, ilianzishwa 2011 na wanafunzi wa uzamili na uzamivu wa Harvard, inapokea kazi za wanafunzi wa sekondari. Wahakiki wanakurudishia maoni, unasahihisha, unarudisha. Inachukua miezi. Anayekuahidi wiki chache anakuuzia kitu kingine.

Kipimo changu ni kimoja tu, Mama: mwulize mtoto ni jambo gani lilienda vibaya katikati ya utafiti. Aliyefanya kazi mwenyewe atakusimulia mpaka umzuie.

#10 Mama Wawili

Asante Daktari. Nimemsomea ulichoandika. Amesema anataka mafaili.

#11 Kidato cha Tano

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye yule mwenye barua za mistari miwili 😅 si kwako Daktari, kwa wengine. Tatizo langu shule yetu maabara ipo ila imefungwa muda mwingi. Nifanyeje bila vifaa? Napenda anga.

#12 Daktari wa Wadudu

Marahaba mdogo wangu. Ukipenda anga wewe ndiye mwenye bahati kuliko sisi wote humu, maana vifaa vyako vimesharushwa juu na data zake zimewekwa wazi. Chombo cha TESS cha NASA, shirika la anga la Marekani, kinapima mwanga wa nyota, na ile mistari ya mwanga (grafu ya mwanga kadiri muda unavyokwenda) unaweza kuipakua bila kumwomba mtu ruhusa. Sayari ikipita mbele ya nyota yake mwanga unapungua kidogo, halafu unarudi. Unatafuta vibonde.

Mwaka 2019 Wolf Cukier, miaka 17, alikuwa anajifunza kazi kituo cha Goddard cha NASA wakati wa likizo. Alipewa nyota pacha, zile zinazozungukana na kufunikana, ambazo wananchi wa kujitolea wa mradi wa Planet Hunters walikuwa wameziwekea alama. Siku ya tatu akaona kibonde kwenye mfumo wa TOI 1338 ambacho mwanzo alidhani ni nyota moja kuifunika nyingine. Muda haukulingana. Ilikuwa sayari inayozunguka nyota mbili, kubwa kuliko Dunia karibu mara 7. Kwenye mifumo hii kompyuta inababaika, kwa kuwa nyota zenyewe zinafunikana na kuchora vibonde vikubwa, na kidogo kinapotea kati yake. Jicho la mtu bado lina kazi.

Watu huishia hapo kwenye "siku ya tatu". Kazi iliyofuata haina utamu wa kusimulia: msimamizi wake Veselin Kostov na timu nzima walikaa kuhakikisha kwamba kibonde kile si kosa la chombo. Tangazo likatoka Januari 2020.

Mwingine ni Matteo Paz, aliyeshika nafasi ya kwanza Regeneron Science Talent Search, mashindano ya sayansi ya sekondari Marekani, mwaka 2025, dola 250,000. Aliunda programu ya kompyuta ikapitia data za miaka mingi za chombo cha NEOWISE cha NASA, ikaibua vitu milioni 1.5 vinavyobadilika mwanga ambavyo havikuwa vimetambuliwa. Msimamizi wake, Davy Kirkpatrick wa Caltech, awali alitaka tu mtu wa kupekua sehemu ndogo ya data kwa macho. Kijana akaona hapana, hii niiachie mashine. Msimamizi akakubali kutoka nje ya mpango wake mwenyewe, na hilo kwa watu wa aina yetu si jepesi, nakuhakikishia.

#13 Mwalimu Chaki

Kabla watu hawajaanza kuotesha bakteria jikoni, naomba niseme. Mwanafunzi wangu mmoja alifanya kazi safi sana ya vijidudu vya mikononi, akaviotesha nyumbani kwenye sahani za maabara nilizompa mimi mwenyewe. Shindano likamtoa kabla hajafungua mdomo. Kwenye kanuni za ISEF (mashindano ya kimataifa ya sayansi ya sekondari), ambazo mashindano mengi huzifuata, kuotesha vijidudu nyumbani hakuruhusiwi. Inatakiwa maabara inayofaa na mtu mzima anayejua. Ni kosa langu, sikusoma kanuni, na sikuwahi kuona mtoto anakunja bango taratibu namna ile.

Vilevile dodoso. Watoto wanaona dodoso ni jambo jepesi, wanagawa kwa darasa zima halafu ndipo wanatafuta kibali. Ukihusisha watu, kibali cha kamati ya maadili kinatangulia. Data zilizokusanywa kabla yake hazitumiki, hata kama ni dhahabu. Wanyama wenye uti wa mgongo hivyohivyo.

#14 Mbishi Mstaafu

Daktari, kwa hiyo sisimizi hawana kamati? 😂

#15 Daktari wa Wadudu

Hawana uti wa mgongo Mbishi, wamepona. Ila utani kando, wadudu ndio mlango wangu ninaoupenda kwa wanaoanza. Kuna watoto 25 wa shule ya msingi Blackawton huko Devon, Uingereza, miaka 8 mpaka 10, waliofanya utafiti wa nyuki bambi na rangi wakiwa na mwanasayansi wa ubongo Beau Lotto. Ukatoka kwenye jarida la Biology Letters Desemba 2010. Michoro mingine walichora kwa penseli za rangi, na makala haina hata rejeleo moja la kazi za watu wengine, maana kazi zenyewe zimeandikwa kwa lugha ambayo mtoto wa miaka minane hawezi kuisoma. Maswali yalikuwa yao.

Mwalimu, kuhusu yule mwanafunzi: data zake zilibaki? Ukinitumia picha za daftari naweza kumtafutia benchi la maabara arudie kihalali.

#16 Mwalimu Chaki

Daftari analo. Nitamtafuta leo.

#17 Kidato cha Tano

Daktari, TESS nimefungua, data inashuka polepole sana, simu inagoma. Nikasema nisikae bure. Nimetoka nje na kipimajoto cha rafiki yangu. Kivulini 27. Kwenye zege la ngazi 38. Na kuna sisimizi kweli, ila wa aina mbili, wakubwa na wadogo, na wakubwa hawakimbii kwenye zege, wanapita pembeni kwenye ufa. Wadogo ndio wanakatiza juani. Sijui kwa nini. Nimeandika kwenye daftari na tarehe.

#18 Daktari wa Wadudu

Saa ngapi? Hujaandika saa.

#19 Kidato cha Tano

7:40 mchana. Naenda kuandika.